Mwalimu Aliyetufundisha Kujumlisha Siku

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye usiku na Mwenye mchana, anayeupandisha mwezi juu ya mapaa ya Kariakoo ili hata asiye na saa mkononi ajue kuwa siku zake zinapungua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Na namshukuru Mola wangu kwa walimu wote alionipa, wale niliosali nao safu moja na wale ambao hatukusali pamoja. Ninayetaka kumweleza leo ni wa kundi hili la pili.

Jina lake silitaji, kwa sababu yeye mwenyewe asingependa. Sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu, na mimi aliniita Maalim, kwa kuwa nilikuwa nasomesha madrasa mtaa wa tatu kutoka kwake. Alikuwa mama wa Kihindu, mzaliwa wa mji huu huu. Darasa lake la kompyuta lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa la ukoo wake. Ukifungua dirisha unasikia wamachinga wakinadi soksi na wabeba mizigo wakipiga kelele za kuomba njia. Ukilifunga unakufa kwa joto, maana pangaboi lilikuwa moja na lilizunguka pale lilipojisikia.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipokuwa zimefunguliwa, na kila kontena lililotoka bandarini lilikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Kompyuta zake saba zilikuwa kuukuu, zimetoka Dubai, mbili kati yake haziwaki mpaka uzipige kofi ubavuni. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini nilipopanda ngazi zile mara ya kwanza, kanzu nimeishika juu kidogo nisije nikaikanyaga. Kamati ya msikiti wetu ilitaka ukurasa kwenye mtandao. Watu wetu walioko Muscat na London walikuwa wakipiga simu kuuliza mambo ya tarehe: mwezi umeandama lini, arobaini ya marehemu inaangukia siku gani, eda ya mjane inaisha lini. Vijana wa kutengeneza kurasa walikuwapo, lakini kila mmoja akishaanza anapata kazi benki, anatuacha. Nikasema nitajifunza mwenyewe. Wenzangu walicheka.

Mwalimu hakucheka. Alinitazama juu ya miwani akauliza, "Maalim, unajua hesabu?"

Nikamwambia najua, nasomesha mirathi.

"Basi una shida," akasema. "Anayejua hesabu ndiye anayekosea tarehe. Asiyejua anauliza."

Wiki nzima ya kwanza hakuturuhusu kugusa kompyuta. Alitukalisha tukunje ngumi. Kifundo cha kidole ni mwezi mrefu, bonde kati ya vifundo ni mwezi mfupi, na bonde la kwanza, loo, hilo la Februari, hilo alitufanya tuliogope kama shimo barabarani. Watu wazima tumekaa kwenye viti vya plastiki tunahesabu ngumi zetu kama watoto wa chekechea. Umeme ulipokatika, na siku za mgao ulikatika kila mara, alimimina maharage mezani tukaendelea kuhesabu siku kwa maharage. Alikuwa akisema, "Kama huwezi kuipata tarehe kwa maharage, kompyuta itakudanganya na utaishukuru."

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka la jumla la biskuti. Mtaa mzima ulimwita Mangi na sisi tukamwita hivyo. Alitaka ukurasa ambao wateja wake wa mikoani wangeutazama wajue lini mzigo unaofuata utawafikia, kila mmoja mwezi mmoja baada ya mzigo uliopita. Siku moja akaruka kwenye kiti.

"Mwalimu, mashine yako imeimeza Februari nzima! Huyu mteja mzigo wake ulikwenda tarehe thelathini na moja Januari. Nimeongeza mwezi mmoja, inaniambia tarehe tatu Machi. Atauza nini huyu Februari yote?"

Mwalimu alikuwa anakula kachori. Hakuinuka. "Mangi, nenda kwenye kalenda pale ukutani. Nionyeshe tarehe thelathini na moja ya Februari."

Mangi, Mungu amjalie, alikwenda kweli. Alisimama mbele ya kalenda, kidole kinatafuta. Darasa likaangua kicheko.

"Haipo," akasema.

"Na kompyuta nayo haikuiona. Lakini haina adabu ya kusema haipo. Ikaendelea kutembea mpaka ikatokea Machi." Akafuta vidole. "Kilo ni kipimo, Mangi. Mwezi si kipimo, mwezi ni jina. Kabla hujaongeza mwezi, muulize mwenye shughuli anataka nini. Anataka mwisho wa mwezi, au anataka siku thelathini?"

Mimi niliitikia kwa kichwa pale nyuma, kwa sababu katika fiqhi yetu jambo hilo limo. Mjane aliyefiwa katikati ya mwezi, mwezi wake uliokatika hukamilishwa siku thelathini, na ile miezi mizima inayofuata huachwa jinsi ilivyoandama. Nilikuwa nimelisomesha miaka na miaka. Kulisikia kwa mama wa Kihindu mwenye kachori mkononi, kuhusu biskuti, kulinifanya nilielewe upya.

Wiki nyingine Mangi aliandika kumi na mbili akitaka Desemba, akapata Januari ya mwaka unaofuata, maana katika lugha ile ya kompyuta siku zinaanza na moja lakini miezi inaanza na sifuri. Januari ni sifuri. "Heri ya mwaka mpya, Mangi," Mwalimu akamwambia. Mangi akauliza ni nani aliyepanga upuuzi huo. "Aliyepanga hakupita Kariakoo kutuuliza," akajibu. "Wewe ukipanga chako, waulize watu."

Mwanamke huyu aliyetugombeza kwa siku moja tu iliyopotea, yeye mwenyewe hakuwahi kufika darasani kwa wakati. Hakuvaa saa. Darasa la saa nane lilianza saa nane na nusu, na akikukuta umenuna anakuambia, "Nimekufundisha tarehe, sikukufundisha saa." Alifundisha kompyuta na hakuiamini. Kila jibu la mashine alilihakikisha kwa kidole gumba juu ya vifundo, haraka, midomo inacheza, na nilipomwona hivyo kwa mbali nilidhani anavuta uradi. Alikuwa mkali mpaka watu wazima walilia, na jioni aliyelia alikuta mfuko wa kachori karibu na viatu vyake.

Kisha hakuanzisha somo jipya siku ya mwezi kufa. "Leo mwezi hakuna," atasema. "Tunarudia ya zamani."

Nilimtania siku moja. "Mwalimu, mtu wa sayansi na wewe unaogopa giza?"

"Wewe Maalim mwaka jana ulifunga lini?"

"Mwezi ulipoonekana."

"Uliuona?"

"Ulionekana."

"Basi niache na wangu usioonekana." Na sote wawili tukacheka, maana kwa jambo lile tulikuwa ndugu: watu wa mwezi tuliozungukwa na watu wa kalenda ya ukutani.

Mafundisho yake mengine nilidhani ni mzaha mpaka niliposoma zaidi. Alituambia siku si saa ishirini na nne. Tukabisha. Akatueleza kwamba huko Ulaya kila mwaka wanasogeza saa zao, kwa hiyo wana siku moja ya saa ishirini na tatu na nyingine ya ishirini na tano, na mtu anayejumlisha siku kwa kujumlisha saa ataanguka hapo. Nikasema Subhanallah kwa sauti, na Mangi akasema afadhali sisi jua letu halihamishwi na serikali. Swali lake la kila siku lilikuwa, "Siku ya nani?" Ukimwambia "leo", atakuuliza leo ya nani, ya hapa au ya ilipo mashine. Na kanuni yake moja ilikuwa juu ya zote: mtu akikupa tarehe, mwandikie kwanza tarehe aliyokupa, aione kwa macho yake, ndipo umpe ya kwako.

Kanuni hiyo mimi niliivunja.

Nilipomaliza ukurasa wa msikiti niliuona mzuri sana, Mungu anisamehe. Sehemu ya eda ilikuwa na kisanduku kimoja: unaandika tarehe aliyofariki mume, unabonyeza, unapata siku ya mwisho ya miezi minne na siku kumi. Ule mstari wa kumrudishia mtu tarehe yake niliufuta. Nilisema unachafua ukurasa. Nikaujaribu darasani, ukajibu sawasawa. Kisha tukaupeleka kwenye mashine ya kuhifadhia kurasa, iliyokuwa Ulaya, na sikuujaribu tena.

Kule ndiko kosa lilikokuwa. Ukurasa wangu uliipeleka tarehe kama mwanzo wa siku ya kwetu, saa sita za usiku. Lakini saa sita za usiku za Dar es Salaam, kule ni saa tatu tu za usiku na tarehe bado ni ya jana. Kwa hiyo aliyefiwa Jumanne, mashine ile ilimhesabu amefiwa Jumatatu, na eda yake ikaisha siku moja kabla ya wakati. Kwa kuwa nilikuwa nimeufuta mstari, hakuna aliyeona.

Wakati huo palikuwa na mjane mmoja Magomeni. Yeye na mumewe walikuwa wamejiandikisha kwenda Hija pamoja. Mume akafariki, na sasa angekwenda na kaka yake. Mjane hatoki safari ndani ya eda, hata kama safari ni ya Hija. Kaka yake alikuja madrasa kuniuliza eda ya dada yake inaisha lini. Nami, badala ya kuchukua karatasi na kalamu, nikamwambia kwa majivuno, "Ndugu yangu, mambo ya karatasi yamepitwa. Tazama kwenye ukurasa." Ukurasa ukamwambia inaisha Alhamisi magharibi. Akaandikisha yeye na dada yake katika ndege ya Ijumaa asubuhi. Ndege nyingine ya kundi lao, ya mwisho, ilikuwa Jumapili.

Jumatano ile, baada ya adhuhuri, niliona mwavuli mlangoni pa madrasa. Mwalimu hakuwahi kufika kwangu kabla ya siku ile. Alikuwa amevua viatu nje, amevishika mkononi, jasho linamtoka.

"Maalim, njoo nje."

Nikatoka.

"Ukurasa wako unakula siku. Nimeweka tarehe aliyofariki baba watoto wangu. Nimehesabu kwa mkono, kwa kalenda yenu. Mkono wangu una siku moja zaidi."

Sikuwa hata nikijua kuwa ni mjane. Na neno la kwanza lililonitoka, wala sikulifikiri, lilikuwa hili: "Mwalimu, huenda hujui jinsi miezi yetu inavyohesabiwa."

"Huenda," akasema. "Hesabu wewe."

Nikahesabu, nimesimama pale juani, kwa ngumi kama alivyonifundisha, na kwa kalenda ya miandamo ya mwezi niliyokuwa nayo mfukoni. Nikahesabu mara mbili. Halafu nikamkumbuka mjane wa Magomeni, nikaihesabu ya kwake. Ilikuwa inaisha Ijumaa magharibi. Asubuhi ya Ijumaa angekuwa angani, bado yumo ndani ya eda, kwa fatwa ya ukurasa wangu.

"Nitakwenda kuwaambia," nikasema.

"Tutakwenda. Kosa la mwanafunzi wangu ni langu."

Tulipofika, mabegi yalikuwa yamepangwa barazani, yamefungwa kamba na kuandikwa majina. Nilimweleza kaka mtu. Alisikiliza, kisha akashika kichwa.

"Maalim, ndege keshokutwa! Wewe si ndiye uliyeniambia nitazame ukurasa?"

"Ndiye mimi. Nilikosea."

"Siku moja tu hii. Si siku hata, ni saa chache. Mungu si mwingi wa huruma?"

"Huruma ni yake. Mimi sina ruhusa ya kuigawa."

Akamgeukia Mwalimu. "Na huyu mama wa Kihindi ndiye aliyekuja kutufundisha eda?"

"Nimekuja kuwafundisha kuhesabu," Mwalimu akasema. "Eda ni yenu."

Hapo sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia. "Kaka, mwache. Mimi nilijua."

Sote tukageuka.

"Kila magharibi nachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango," akasema. "Mistari yangu leo imepungua mmoja kwa hesabu ya kompyuta. Kwa hesabu yangu namaliza Ijumaa. Lakini kompyuta ya msikiti ikasema Alhamisi, nikasema basi labda siku moja nililia nikasahau kuchora."

Mwalimu alivua viatu akapita ndani ya pazia. Walikaa huko muda mrefu. Tulimsikia akihesabu kwa sauti, na yule mama akihesabu naye, mstari kwa mstari. Alipotoka ncha ya kidole chake ilikuwa nyeusi kwa mkaa, na macho ya Mwalimu yalikuwa mekundu.

Tukaenda sote kwa kiongozi wa msafara. Aliipitia orodha yake polepole. "Mngekuja Jumatatu," akasema, "majina yalikuwa bado mkononi mwangu, ningewahamishia wote wawili Jumapili. Jana yamekwenda kwa wenye ndege. Leo nina nafasi moja tu ya Jumapili, aliyekuwa nayo ameugua."

Kwa hiyo kaka aliondoka Ijumaa peke yake, na dada akafuata Jumapili pamoja na wanawake waaminifu wa msafara. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Niliambiwa alilia kutoka Magomeni mpaka uwanjani, akishika upande wa begi ambao kaka yake angeushika. Lakini kaka alimpokea kule, na Hija yake aliitimiza, na alirudi salama. Alhamdulillahi. Ijumaa ile mimi nilisimama mbele ya msikiti nikawaambia watu kosa langu, na mstari nilioufuta niliurudisha siku hiyo hiyo. Nilijiona nimetubu vizuri.

Miaka ikapita. Darasa likafungwa, watoto wakafundishwa kompyuta shuleni, duka la vitambaa likawa la simu. Niliposikia kwamba Mwalimu anahamia kwa binti yake ng'ambo, nikaenda kumuaga. Alikuwa anaishi karibu na Posta, ghorofa ya nne, nyumba imejaa maboksi. Alikuwa amepungua mwili. Alinipikia chai ya iliki na akachelewa kuileta, kama kawaida yake.

Tulizungumza habari za Mangi, ambaye sasa ana maduka matatu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Maalim, kuna jambo sikukuambia. Ile siku iliyopotea. Niliijua tangu Jumapili jioni."

Sikuelewa. "Ulikuja Jumatano."

"Nilikuja Jumatano. Jumapili nilihesabu nikaona. Jumatatu asubuhi nilivaa viatu, nikafika kwenye kona ya madrasa yako, nikarudi. Jumanne nikafika tena, nikarudi. Nilisema, mimi mwanamke, Mhindu, nimwambie Maalim kwamba eda yake ina kosa? Ataniambia sijui miezi yao." Akanitazama, bila ukali. "Na nilipokuja, uliniambia nini?"

Nililikumbuka neno langu. Lilikuwa limekaa kwangu miaka yote hiyo na sikuwahi kuliona kuwa ni kosa. Kosa nililolitangaza msikitini lilikuwa la hesabu. Hili sikulitangaza.

"Yule mama alisafiri bila kaka yake kwa sababu ya siku zangu tatu," akasema. "Nilimwambia, siku ile ile, nyuma ya pazia. Nilimwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Akasema hana kinyongo. Akasema hata yeye alikuwa na mistari yake, na aliogopa."

Pangaboi la nyumba ile lilikuwa jipya, halikutoa sauti. Nilikaa na hesabu hiyo: wanawake wawili, kila mmoja kwake, wote wana jibu sahihi mkononi, na kilichowazuia kulitoa ni uso wangu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, Maalim, na wewe nisamehe." Nikasema nimesamehe, ingawa sikuona cha kumsamehe. Kisha akainuka kunifungia kachori za njiani, na aliponifikisha mlangoni nikamwambia Shikamoo, mimi niliyemzidi umri kidogo. Akacheka sana mpaka akashika ukuta, kisha akaitikia, "Marahaba."

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu azibariki siku zako, zilizopita na zilizobaki, na asikupotezee hata moja. Akupe mtu wa kukusahihisha unapokosea. Na akupe uso ambao mtu huyo atausogelea siku ya kwanza bila woga. Amin.